Kabla ya Kujenga Ukuta, Tuulize Mchanga Umekwenda Wapi

Kwa karibu miaka 20, kuanzia katikati ya miaka ya 1980, kipimo cha maji kilichopo bandarini Unguja kilionyesha jambo ambalo mtu wa pwani ukimweleza atakukatalia: kwa wastani, bahari ilikuwa inashuka. Kipimo hakikuwa kibovu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Nature Geoscience ulieleza kwamba mabadiliko ya pepo juu ya Bahari ya Hindi yaliyagawa maji upya. Ghuba ya Bengal, Sri Lanka, Sumatra na Java zikaongezewa, na ukanda wa kusini mwa ikweta, Zanzibar ikiwemo, ukapungukiwa.

Miaka hiyohiyo, ng'ambo ya mkondo, Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ilikuwa inaliwa. Ufukwe ulipungua, minazi ikang'oka, na hoteli ya Africana ikamomonywa mpaka ikaachwa. Leo makondakta wa daladala wanaliita jina lake kwenye barabara ya Bagamoyo, na abiria wengi wanaoshuka pale hawajui kwamba ni jina la hoteli iliyoshindwa na maji.

Bahari inashuka, ufukwe unaliwa. Mambo hayo mawili ukiyaweka pamoja yanakulazimisha kuuliza swali ambalo mijadala yetu ya tabianchi huliruka: nani aliila Kunduchi?

Nisieleweke kwamba nakanusha kupanda kwa bahari. Kati ya mwaka 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20, na kasi yenyewe inaongezeka. Sehemu ya kwanza ya karne ya 20 ilikuwa milimita 1.3 kwa mwaka, lakini kati ya 2006 na 2018 imefika milimita 3.7. Karibu nusu ya ongezeko la tangu mwaka 1971 inatokana na maji yenyewe kupashwa joto yakatanuka, na sehemu kubwa ya nusu iliyobaki ni barafu ya milimani, ya Greenland na ya Antaktika inayoyeyuka. Jopo la kimataifa la wataalamu wa tabianchi, IPCC, linakadiria kwamba kufikia mwaka 2100 bahari itakuwa juu kwa takribani sentimita 28 hadi 55 dunia ikijizuia sana kuchoma mafuta na makaa, au sentimita 63 hadi mita moja ikiendelea bila breki. Zanzibar nayo haikubaki nyuma: tangu miaka ya 2000 mwelekeo wa kipimo chake umegeuka, maji yanapanda.

Ninachokataa ni ule urahisi wa kuitwika bahari kila kosa. Nyumba ikianguka Kipini, barabara ikiliwa Dar es Salaam, kisiwa kikizama Pangani, jibu liko tayari mdomoni: mabadiliko ya tabianchi. Jibu hilo lina faida yake, maana halimgusi mtu yeyote wa hapa. Mwenye lori la mchanga, mwenye kiwanja, aliyetia saini kibali, aliyejenga bwawa, wote wanapona.

Turudi nyuma kidogo, nyuma sana. Miaka 20,000 iliyopita, barafu nene ilipokuwa imefunika kaskazini mwa Ulaya na Amerika, bahari ilikuwa chini ya ilipo leo kwa zaidi ya mita 120. Mkondo unaotenganisha Unguja na bara ni wa kina kidogo, kwa hiyo zama hizo Unguja haikuwa kisiwa. Mtu angeweza kutoka ulipo Bagamoyo leo akatembea kwa miguu hadi ilipo Jambiani, na wanyama walitembea kweli: katika pango la Kuumbi, kusini mashariki mwa Unguja, watafiti wa mambo ya kale wamefukua mifupa ya pundamilia na nyati. Pemba ni habari nyingine. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, kwa hiyo ilibaki kisiwa hata bahari iliposhuka kiasi hicho, na ndiyo sababu ina viumbe vyake vya peke yake, kama yule popo mkubwa asiyepatikana kwingine duniani.

Barafu ilipoyeyuka, maji yaliingia mabondeni. Kilindini na Tudor pale Mombasa, hori (mkono wa bahari ulioingia bara) ya bandari ya Dar es Salaam, yote ni mabonde ya mito yaliyomezwa. Tunajivunia bandari za asili zenye kina kizuri, na chanzo chake ni gharika ya polepole iliyochukua maelfu ya miaka. Rudi nyuma zaidi, kama miaka 125,000 iliyopita, na utaikuta bahari ikiwa juu kuliko leo kwa mita tano hadi kumi. Matumbawe yaliyoota wakati huo ndiyo mwamba mgumu unaouona leo umeinuka juu ya maji kuanzia Mombasa hadi Unguja. Juu ya mwamba huo Wareno walijenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593, na mawe ya jamii hiyohiyo ndiyo yaliyojenga Mji Mkongwe na misikiti ya Kilwa Kisiwani.

Pwani yetu, basi, haijawahi kukaa mahali pamoja. Bahari ikipanda, ufukwe hurudi bara, ikishuka, huifuata. Mikoko hufanya vivyo hivyo. Matumbawe hukua kwenda juu kuufuata mwanga. Mfumo huu umehama mara nyingi bila kufa. Unachohitaji ni vitu viwili: nafasi ya kuhamia, na mchanga wa kuhama nao. Hivyo viwili ndivyo tulivyounyang'anya, na tulianza kuunyang'anya kabla bahari haijaanza haraka yake ya sasa.

Ufukwe una mapato na matumizi kama daftari la duka. Mapato ya fukwe za bara, kama hizi za Kunduchi, Mbezi na Msasani, ni mchanga wa mito na vijito. Fukwe nyeupe za mashariki mwa Unguja zina chanzo kingine: vipande vya matumbawe, magamba ya makombe na mwani wenye chokaa, vilivyosagwa na mawimbi na samaki. Matumizi ni kazi ya mawimbi na pepo. Kusi huusukuma mchanga kuelekea kaskazini, kaskazi ikivuma hurudisha sehemu yake kusini. Mvuvi anayekaa sehemu moja mwaka mzima anajua kwamba ufukwe wa Julai si ule wa Januari, wala hababaiki ukipungua msimu mmoja, kwa kuwa ameuona ukirudi.

Sasa angalia vijito vinavyoilisha Kunduchi: Tegeta, Mbezi, Mlalakuwa na vingine vidogo ambavyo kiangazi unavivuka bila kukunja suruali. Tangu mji ulipoanza kupanuka, malori na matipa yamekuwa yakiingia kwenye mikondo hiyo kuchota mchanga. Saruji ipo karibu, kiwandani Wazo. Kilichokosekana ni mchanga, nao ukachukuliwa ulikokuwa wa bure. Kila tofali lililofyatuliwa kwa mchanga ule ni mchanga ambao mvua za masika zingeufikisha baharini. Sehemu ya ufukwe wa Kunduchi haikuzama popote. Imesimama kama kuta za vyumba vya kupanga huko ndani ya mji, imepigwa plasta na rangi.

Hilo ndilo jibu la swali la juu, angalau sehemu yake kubwa. Mapato yalikatwa, matumizi yakaendelea. Ongeza juu yake matumbawe yaliyovunjwa kwa baruti za wavuvi haramu na yale yaliyotiwa tanurini kuchomwa chokaa, maana mwamba wa nje ndio unaolivunja wimbi nguvu kabla halijafika ufukweni. Kisha ongeza joto la bahari la mwaka 1998, lililoua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi ya magharibi. Hapo ndipo tabianchi inapoingia, nayo inaingia kama mshiriki. Mhalifu wa peke yake hayupo.

Anayedhani natia chumvi na aende Malindi. Bahari ya Malindi ni hiihii, inapanda kama ya wenzake, lakini ghuba ya pale imejaa mchanga na tope, na ufukwe umesogea kuelekea baharini. Sababu ni mto Sabaki, unaoshusha udongo wa mashamba yaliyochoka ya Ukambani na kwingineko huko juu. Matumbawe ya Malindi, yakikatwa na kupimwa tabaka kwa tabaka, yanaonyesha jinsi udongo huo ulivyoongezeka katika karne ya 20. Si habari njema: udongo huo ni shamba la mtu lililopotea, na matumbawe yanasongwa nao. Lakini unaonyesha wazi kwamba mahali palepale bahari inapopanda, pwani inaweza kukua au kuliwa kutegemea mto unaleta nini. Nani ataifuatilia pwani ya Malindi baada ya bwawa la Thwake, linalojengwa kwenye mto Athi, ambao chini huitwa Sabaki, kuanza kuuzuia udongo huo?

Hapa kuna hesabu moja ambayo wataalamu wa kigeni huipenda. Mwaka 1962 mhandisi Per Bruun alitoa kanuni ambayo kwa kifupi inasema: bahari ikipanda kwa kiasi fulani, ufukwe wa mchanga hurudi nyuma kwa mara 50 hadi 100 ya kiasi hicho. Sentimita 20 zinakuwa mita 10 hadi 20. Kanuni ni nyepesi, inaingia vizuri kwenye ripoti, na ramani zake nyekundu zinatisha. Tatizo ni kwamba inadhani ufukwe ni mchanga mtupu, hakuna mwamba wa matumbawe mbele yake, hakuna mto unaoleta wala tipa linaloondoa. Ufukwe wa namna hiyo kwetu ni wa kutafuta kwa tochi. Ripoti zinazoipaka pwani nzima kuanzia Kiunga, Kenya, hadi Msimbati, Tanzania, rangi moja kwa kutumia kanuni hii ningezisoma kwa tahadhari, hasa zinapokuja zimeambatana na bei ya ukuta.

Pamoja na hayo, sentimita zile chache si mchezo, na sababu yake wanaijua zaidi wanaoishi kwa kalenda ya mwezi. Dar es Salaam na Zanzibar, wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya maji kujaa na kupwa inakaribia mita nne. Wakati wa maji mafu, katikati ya bamvua mbili, haifiki hata nusu ya hiyo. Kwa hiyo ukimwambia mtu kwamba bahari imepanda sentimita 20 anaweza kucheka: kila bamvua anaiona ikipanda mita tatu na kushuka. Lakini madhara hayatokani na wastani. Yanatokana na zile saa chache za bamvua kubwa, hasa za karibu na Machi na Septemba, maji yanapofika kikomo chake cha juu. Ukingo wa shamba au kizingiti cha nyumba kilichokuwa sentimita 10 juu ya kikomo hicho kilikuwa salama miaka yote. Ukiipandisha bahari sentimita 20, kilichokuwa kikitokea kwa nadra, bamvua na upepo mkali vilipokutana, kinakuja kila msimu.

Pemba wanalijua hili kwa mpunga. Kisiwa Panza na maeneo mengine ya wilaya ya Mkoani, maji ya chumvi yameingia katika mabonde yaliyokuwa yakilimwa. Mpunga hausubiri maji ya chumvi yakae; yakipita mara moja katika wakati mbaya, msimu umekwisha, na chumvi inabaki kwenye udongo kwa ajili ya mwaka unaofuata. Visima vifupi vya pwani navyo ni vivyo hivyo: maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi, na unaposukuma kwa pampu kuliko mvua inavyorudisha, chumvi hupanda. Bahari ikipanda inasaidia tu kusukuma kutoka upande wa pili.

Na vimbunga? Tunapenda kusema ukanda wetu hauna vimbunga kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Kwa kiasi kikubwa ni kweli. Lakini Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, Aprili 1952 kingine kikapiga Lindi, na Mei 2024 Hidaya ilifika hadi karibu na Mafia. Kimbunga kinachofika maji yakiwa yamepwa ni habari ya mapaa kuezuliwa. Kikifika saa ya bamvua, na bahari imeshapanda, ni habari nyingine kabisa.

Nimefika kwenye ukuta, kwa sababu ndio jibu linalopendwa. Zipo kuta ninazozitetea. Barabara ya Barack Obama jijini Dar es Salaam, ambayo ukuta wake ulikamilika mwaka 2018, haina pa kuhamia; nyuma yake kuna mji. Ngome ya Yesu, ambayo msingi wake ulikuwa unatobolewa na mawimbi hadi Kenya ikaijengea ukuta, haihamishiki. Gereza la Kilwa Kisiwani, ile ngome ya kale, vilevile. Mahali ambapo thamani ya kilichopo nyuma ni kubwa na hakuna pa kwenda, jenga, na ujenge vizuri.

Lakini ukuta unalinda ardhi iliyo nyuma yake. Ufukwe hauulindi. Wimbi linalopanda kwenye mteremko wa mchanga hupoteza nguvu polepole. Likipiga zege hurudi na nguvu zake, likachimba mchanga wa chini ya ukuta. Baada ya miaka kadhaa ukuta unabaki umesimama majini, na kwa jirani asiye na ukuta mmomonyoko unazidi, kwa sababu mchanga aliokuwa akiupata kutoka upande huu haufiki tena. Jirani naye anajenga. Hivyo ndivyo pwani inavyojengwa kiwanja kwa kiwanja, kila mmoja kwa fundi wake na nondo zake, mpaka hakuna diko la kuvutia ngalawa wala njia ya akina mama kushukia kwenye mwani. Nani aliwapa watu hao mamlaka ya kuamua mchanga wa kijiji uende wapi? Kibali cha ujenzi huangalia kiwanja kimoja. Mchanga haujui mipaka ya viwanja.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Watu wanabishana kuhusu kuivunja, ilhali tatizo langu ni kwamba hata ikifuatwa inahesabu kana kwamba ufukwe umepigiliwa misumari. Mita 60 kutoka wapi? Nyumba iliyojengwa kwa uaminifu mita 60 kutoka ufukwe wa mwaka 1990 inaweza leo kuwa mita 20 kutoka majini, na mwenyewe hana kosa. Palipo na mto unaoleta mchanga mwingi, mita 60 ni nyingi mno. Palipo na fungu jembamba la mchanga kati ya bahari na hori, ni chache mno. Umbali ungepaswa kupangwa kwa kila kipande cha pwani, kwa kufuata kasi yake ya kuliwa au kukua, na hati miliki za ukanda huo ziandikwe kwa muda na kwa sharti la kurudi nyuma.

Kuhusu mikoko nitasema kwa ufupi, maana imesemwa sana na mara nyingi vibaya. Katika sherehe za kupanda miti, viongozi hukabidhiwa miche ya mkoko wenyewe, aina moja tu ya miti tunayoiita mikoko, kwa sababu mbegu yake ndefu ni rahisi kuchomeka kwenye tope. Mti unaostahimili kukaa mbele kabisa, uso kwa uso na bahari, kwa kawaida ni mlilana. Mkoko wenyewe hukaa nyuma yake, na mchu hutokea pembezoni. Miche iliyochomekwa kwenye ufukwe wa mawimbi husombwa kabla picha za sherehe hazijasahaulika. Waliofanikiwa, kama watu wa Gazi nchini Kenya na mradi wao wa Mikoko Pamoja unaouza hewa ya kaboni tangu mwaka 2013, wanaulinda msitu uliopo na kurudishia palipokuwa na mikoko zamani. Na msitu huo utahitaji pa kurudi bahari ikipanda. Ukiukuta mgongoni una mashamba ya chumvi au tuta la barabara, hautarudi, utafia hapo ulipo.

Kilichobaki ni kile kikubwa kuliko vyote, na ndicho kisichozungumzwa pwani kwa sababu kinajengwa mbali na pwani. Mto Pangani umewekewa mabwawa, Nyumba ya Mungu la miaka ya 1960 likiwemo. Nje ya mdomo wake kilikuwako kisiwa cha Maziwe, chenye mivinje na kasa wengi wa kutaga, kilichotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha na kisiwa kimegeuka fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa. Wapo wanaolaumu ukataji wa miti, wapo wanaotaja mto na mikondo. Kasa wanaendelea kupanda pale kutaga, na mayai yao huhamishwa hadi Ushongo kwa sababu bamvua ya kwanza ingeyazamisha. Hakuna aliyepima wakati kisiwa kinakwenda, kwa hiyo ubishi hauishi.

Rufiji ni kubwa kuliko Pangani mara nyingi. Delta yake ina msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko katika Afrika Mashariki, na Mafia iko mbele yake tu. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mwaka 2024 likaanza kutoa umeme. Uwezo wa mitambo yake yote ni megawati 2,115. Sina ugomvi na umeme. Lakini mchanga uliokuwa ukishuka na mafuriko ya Rufiji sasa unatua ndani ya bwawa, na delta ambayo ingehitaji mchanga mwingi zaidi ili kwenda sambamba na bahari inayopanda itapata pungufu. Vigingi vya kupimia ukingo wa bahari na vipimo vya mchanga mtoni vinaweza kuwekwa Nyamisati, Salale na Mbwera kwa gharama isiyofika bei ya mita chache za ukuta. Viwekwe sasa, mchanga uliobaki chini ya bwawa ukiwa bado haujaisha kusombwa, na gharama yake iandikwe katika hesabu za umeme. Halmashauri ya wilaya isibebeshwe ankara hiyo.